Meno Safi, Tundu Safi: Kutoka Unga Limited Hadi Miteremko ya Meru

Ukitaka kumjua fundi aliyetengeneza mlango, usianzie kwenye vanishi, kwa maana vanishi huficha mengi. Fungua kitasa, kiweke kando, halafu tazama tundu lililokuwa limekibeba. Ukikuta ukingo umekatika sawasawa na nyuzi za mbao zimelala, mlango huo ulipita mikononi mwa mtu anayetunza zana zake. Ukikuta ukingo umemeguka, na ndani mbao imebabuka hadi kuwa nyeusi, hapo msumeno butu ulilazimishwa kufanya kazi usiyoiweza.

Tundu hilo ndilo lililonipeleka Arusha. Nilitaka kuwaona mafundi seremala wanaotumia misumeno ya tundu kila siku, niwaulize wanaitumiaje na wanaitunzaje, kisha nipande hadi miteremko ya Mlima Meru nikaone mbao zao zinakotoka. Miji inayokuwezesha kufanya yote mawili ndani ya siku moja si mingi. Asubuhi unaweza kuwa katikati ya kelele za mashine Unga Limited, na kabla jua halijageuka ukawa umesimama chini ya misaipresi ya Olmotonyi.

Kutoka Mnara wa Saa nilishuka kuelekea Unga Limited, eneo la viwanda na karakana ambako chuma huchomelewa upande mmoja wa njia na mbao zikarandwa upande wa pili. Karakana niliyokaribishwa ilikuwa na paa la bati na kuta za mabanzi. Milango mipya ilikuwa imeegemezwa ukutani ikisubiri vitasa.

"Shikamoo, fundi," nilimwamkia mkuu wa karakana, mzee mwenye penseli sikioni.

"Marahaba. Karibu ndani. Pita upande huu, huko kuna misumari."

Nilipomweleza nilichofuata, hakunishangaa. Aliinama chini ya benchi akatoa sanduku la mbao alilolitengeneza mwenyewe, lenye vijumba vya ukubwa mbalimbali, na katika kila kijumba msumeno mmoja. Kwa asiyeifahamu zana hii, ni kikombe cha chuma ambacho mdomo wake umejaa meno. Kitako chake hufungwa kwenye mhimili unaobanwa na drili, na katikati hutokeza keekee nyembamba ya milimita 6 na ushee inayotangulia kuingia mbaoni ili meno yasitangetange. Keekee ya kawaida hugeuza tundu zima kuwa unga. Msumeno wa tundu hukata duara jembamba tu, ukaacha kizibo cha mbao katikati. Ndiyo maana drili ndogo ya mkononi huweza kutoboa tundu kubwa ambalo keekee ya upana huo isingeliweza.

Kazi zake katika karakana hazikomi. Kitasa cha mviringo huhitaji tundu la milimita 54 usoni mwa mlango, na ulimi wake tundu la milimita 25 pembeni, huku kitovu cha tundu kubwa kikiwa milimita 60 au 70 kutoka ukingo wa mlango. Bomba la sinki la jikoni hupita kwenye tundu la milimita 35. Meza ya ofisi hutobolewa milimita 60 nyuma ili nyaya za kompyuta zipite. Kuna pia matundu ya taa za dari, ya masanduku ya spika, ya mabomba ya maji taka yanayopita nyuma ya kabati. Palipo na kitu cha mviringo kinachotakiwa kupita kwenye mbao, zana hii huitwa.

Mzee alimwita kijana wake. "Mdogo wangu, weka ule mlango wa saipresi hapa. Mgeni aone."

Kijana aliulaza mlango juu ya benchi, akaubana kwa klampu mbili, akaweka kipande cha mbao chakavu chini ya mahali pa kutoboa. Alipima, akatia alama ya msalaba, akakipiga kitovu kwa ncha ya msumari ili keekee ipate pa kuanzia. Kisha akafanya jambo ambalo wengi hulisahau: akatazama swichi ya kugonga, ile inayotumika kutoboa ukuta wa zege, akahakikisha imezimwa. Drili ikigonga huku msumeno unazunguka, meno huvunjika moja baada ya jingine.

"Sasa taratibu," mzee alimwambia. "Usiusukume. Uache ule wenyewe."

Mlango ule ulikuwa na unene wa milimita 45. Misumeno mingi ya tundu huingia kina cha milimita 38 hivi, kwa hiyo haiwezi kuutoboa mlango huo kwa upande mmoja hata ungetaka. Kijana alitoboa hadi ncha ya keekee ikachungulia upande wa pili, akaacha, akaugeuza mlango, akaitia keekee katika kitundu kile kile na kumalizia kutoka huko. Duara mbili zikakutana katikati ya mbao. Faida yake ni kubwa, kwani nyuzi za mbao humeguka pale meno yanapotokea, na ukitoboa pande mbili meno hayatokei upande wowote. Nyuso zote mbili za mlango hubaki safi.

Kabla ya kufika chini alikuwa ameutoa msumeno mara kadhaa na kupangusa meno kwa brashi. Hapo ndipo nilipoelewa udhaifu wa zana hii. Keekee ya kawaida ina mifereji iliyojipinda ambayo hupandisha unga na kuutupa nje, lakini kikombe hakina mifereji. Unga wa mbao hubaki kwenye mfereji mwembamba ambamo meno yanazunguka, hujaza nafasi zilizo kati ya jino na jino, na meno yakishajaa hayakati tena, husugua tu. Msuguano huleta joto, joto huunguza mbao, na utomvu ulioyeyuka hugandia chuma. Mzee alinionyesha dawa yake: kwanza unauacha msumeno uchore duara jepesi, kisha kwa keekee ya milimita 10 unatoboa kitundu kimoja au viwili vinavyogusa mstari huo kwa ndani, kwenye sehemu itakayotupwa. Ukirudisha msumeno, unga hudondokea kwenye vitundu hivyo na kutoka chini, na kazi huenda haraka bila moshi.

Jambo la pili alilolisisitiza ni mwendo. Vijana wengi hudhani drili ikizunguka kasi zaidi kazi itaisha mapema, na drili nyingi za bei nafuu hufika mizunguko karibu 3,000 kwa dakika ukibana kitufe hadi mwisho. Hesabu yenyewe ni rahisi. Msumeno wa milimita 54 una mzingo wa milimita 170 hivi. Ukizunguka mara 500 kwa dakika, kila jino limesafiri mita 85 ndani ya mbao katika dakika hiyo. Uzungushe mara 3,000 na jino litasafiri zaidi ya mita 500. Msumeno wa milimita 100, wenye mzingo wa milimita 314, husafirisha meno yake karibu mara mbili ya umbali huo kwa mwendo ule ule. Kadiri kikombe kinavyokuwa kikubwa, ndivyo drili inavyopaswa kuzunguka polepole. Kwa mbao, mafundi wazoefu hukaa karibu na mizunguko 500 kwa tundu la kitasa, na hushuka hadi nusu yake kwa tundu la milimita 100.

Anayepuuza hesabu hiyo huadhibiwa na chuma chenyewe. Misumeno ya bei ya chini hutengenezwa kwa chuma cha kaboni, ambacho ugumu wake huanza kupungua joto likipita nyuzi 200 hivi za Selsiasi. Meno yakigeuka rangi ya bluu, joto limefika karibu nyuzi 300, na ugumu uliopotea haurudi kwa tupa wala kwa mafuta. Misumeno bora zaidi huwa na meno ya chuma cha mwendo kasi, mara nyingi chenye kobalti, yaliyounganishwa kwenye mwili wa chuma laini kinachonyumbulika. Hayo huvumilia joto kubwa zaidi, lakini mbao haivumilii, na alama ya kuungua hubaki pale pale.

Elimu hii ni ya zamani kuliko umeme. Matabibu wa Ugiriki ya kale walikuwa na msumeno wa namna hii wa kutoboa fuvu la kichwa, na maandishi ya tiba yanayohusishwa na jina la Hippocrates, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, yanamwelekeza tabibu autoe mara kwa mara na kuuchovya katika maji baridi, kwa sababu joto la kuzunguka huudhuru mfupa. Walichokijua matabibu wale juu ya mfupa ndicho mzee wa Unga Limited anachokijua juu ya saipresi: toa, poza, safisha, rudisha.

Aliongeza maneno ya usalama, na sauti yake ilikuwa kali kidogo. Msumeno ukikwama, drili haikwami. Huendelea kuzunguka na kuusokota mkono unaoishika. Kwa hiyo drili inayotobolea tundu kubwa ishikwe kwa mikono miwili, ule mpini wa pembeni ufungwe, na mbao ibanwe, isishikiliwe na mwenzako. Miwani ya kukinga macho ivaliwe. Glavu zivuliwe, kwa kuwa kitambaa kikinaswa na meno mkono hufuata.

Nilimuaga mzee baada ya chai, nikapanda daladala ya kwenda Ngaramtoni. Barabara ya Namanga ilitupitisha Sakina, na Mlima Meru ulikuwa upande wetu wa kulia muda wote, kilele chake chenye mita zaidi ya 4,500 kikiwa nje ya mawingu. Kutoka Ngaramtoni bodaboda ilinifikisha Olmotonyi. Hapa ndipo kilipo Chuo cha Misitu kilichoanzishwa mwaka 1937, na jirani yake kuna msitu wa mafunzo wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wenye ukubwa wa hekta 840. Vizazi vya mabwana na mabibi misitu wa nchi hii vimejifunzia kupima miti kwenye miteremko hii.

Misaipresi na misindano imesimama kwa mistari, shina zimenyooka, matawi ya chini yamepogolewa ili mbao isijae mafundo. Mti wa kupasuliwa mbao hapa hulelewa kwa zaidi ya miaka 20. Katika miaka hiyo hupogolewa, hupunguziwa wenzake, hulindwa na moto. Misaipresi ya Afrika Mashariki ilipata pigo lake pia: kati ya miaka ya 1980 na 1990 wadudu mafuta waliovamia kutoka nje walikausha mashamba mengi, kuanzia Malawi hadi Tanzania na Kenya, na wataalamu walilazimika kutafuta nyigu wadogo wanaowadhibiti. Ubao unaofika Unga Limited umevuka hayo yote.

Niligusa gogo lililokatwa karibuni, na vidole vikanata utomvu. Hapo tatizo la karakana lilijieleza. Mbao za msindano, na za saipresi zisizokauka vema, zina utomvu na maji mengi. Utomvu hugandia meno, na unyevu huzifanya nyuzi zivimbe na kuukaba mwili wa kikombe baada ya meno kupita. Mbao ya samani inatakiwa ikauke hadi unyevu wake ubaki karibu asilimia 12, na kukausha kwa hewa huchukua miezi. Wanunuzi wengi hawasubiri. Mbao hupasuliwa wiki hii na wiki ijayo ni mlango, halafu lawama anatupiwa fundi au msumeno.

Nikiwa msituni hapo ndipo fikra ya safari nzima ilipokaa sawa kichwani mwangu. Mti umekua kwa miaka zaidi ya 20, lakini tundu la kitasa hutobolewa kwa dakika moja au mbili. Meno butu katika dakika hizo mbili huweza kuuharibu ubao usioweza kurudishwa shambani. Kutunza zana ni sehemu ya kutunza msitu, kwa sababu kila mlango ulioharibika huita ubao mwingine, na kila ubao huita mti.

Kesho yake nilielekea mashariki, barabara ya Moshi, hadi Tengeru. Upande huu wa mlima hupata mvua nyingi, na udongo wake wa volkano ni mweusi na wenye rutuba. Vihamba vya Wameru vimechanganya kahawa na migomba, na juu yake imesimama migrevilea na miringaringa. Hii ndiyo misitu ya wakulima wadogo. Mgrevilea hupandwa kama kivuli na mpaka, na baada ya miaka huwa mbao. Mringaringa una mbao ya rangi ya kahawia inayopendwa kwa samani, na tangu zamani umechongwa mizinga ya nyuki.

Ilikuwa siku ya soko, Jumamosi. Fundi mmoja wa karibu na barabara, kijana mwenye karakana ya vitanda na makabati, alikuwa ameniahidi kunionyesha namna anavyosafisha misumeno yake. Kabla ya kuanza alinipeleka sokoni.

"Mama, nipimie magadi ya kopo moja," alimwambia mwanamke aliyekuwa ameketi nyuma ya mafungu ya maharage.

"Unapika makande, baba?"

"Nasafishia misumeno, mama."

Magadi ndiyo dawa. Mkoa wa Arusha una Ziwa Natron upande wa kaskazini, lenye chumvi hii kwa wingi, na kila jiko la huku linaifahamu kwa kulainishia maharage na makande. Ndani ya magadi kuna sodiamu kaboneti, na kaboneti hiyo hulegeza utomvu. Fundi aliyeyusha magadi katika ndoo ya maji ya moto, akafungua kikombe kutoka kwenye mhimili wake, akakiloweka. Baada ya muda mfupi alisugua meno kwa mswaki wa zamani, kutoka kitako kuelekea ncha ya jino, na gamba jeusi likatoka. Alisuuza kwa maji safi, akafuta, akakianika juani hadi kikauke kabisa, kisha akapitisha kitambaa chenye mafuta mepesi ya cherehani. Msumeno niliodhani umechoka ulikuwa mchafu tu. Mafuta ya taa nayo huyeyusha utomvu, lakini hunuka, hushika moto, na huacha doa kwenye mbao ya kwanza ukisahau kufuta.

Baada ya usafi ndipo alipokagua makali. Aliyatazama meno kwa mwanga wa dirisha: ncha inayong'aa kama kidoa cheupe imekufa, ncha isiyoonyesha mwanga bado ina makali. Misumeno ya chuma cha kaboni aliifunga kwenye jiliwa na kuinoa kwa tupa ndogo ya pembe tatu, kila jino pigo moja au mawili yenye uzito sawa, akiuacha mpindo wa meno kama ulivyo, moja nje na jingine ndani. Mpindo huo ndio unaopanua njia ili mwili wa kikombe usibanwe. Meno ya chuma cha mwendo kasi ni magumu mno kwa tupa ya kawaida. Hayo huyanoa kwa jiwe jembamba au tupa ya almasi, na yakivunjika zaidi ya machache huutoa msumeno kazini, kwa kuwa jino linalofuata pengo hubeba mzigo wa wenzake.

Hakusahau keekee ya katikati. Wengi hununua msumeno mpya ilhali kilichoisha ni keekee hiyo tu, ambayo hubadilishwa kwa kulegeza skrubu moja ndogo kwenye mhimili. Ikiwa butu au imepinda, kikombe hucheza na tundu huwa pana kuliko kipimo. Kuhusu kizibo kinachonasa ndani, alikataa kabisa kukigonga kwa nyundo juu ya meno. Aliingiza bisibisi kwenye mwanya wa pembeni mwa kikombe na kukisukuma taratibu, upande huu kisha upande ule, hadi kikatoka. Mwisho aliirudisha misumeno kwenye ubao wenye vigingi, kila mmoja peke yake. Misumeno inayotupwa pamoja kwenye boksi hugongana na kupoteza makali bila kutoboa chochote, na wakati wa masika unyevu hufanya kutu ianzie pale pale kwenye ncha za meno.

Arusha haijapungukiwa taasisi za ufundi. SIDO, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, inahudumia viwanda vidogo mkoani hapa. Chuo cha Ufundi Arusha kipo tangu mwaka 1978. TEMDO na CAMARTEC, zinazobuni mitambo na zana za kilimo, makao yao yako jijini humu. Elimu ya kutunza zana ndogo ingeweza kuanzia hapo na kuenea hadi karakana za mitaani, ambako kijana hujifunza kutoboa siku ya kwanza na hafundishwi kusafisha hata mwaka ukiisha.

Kwako fundi: punguza mwendo, toa unga, toboa pande mbili, loweka meno kwenye magadi kila utomvu unapoganda, na uyatie mafuta kabla ya kufunga karakana. Kwako mwalimu wa ufundi: mpe mwanafunzi alama kwa hali ya msumeno wake kama unavyompa kwa mlango alioutengeneza. Na kwako unayeagiza mlango, kabla hujalipa, omba kitasa kifunguliwe utazame tundu. Fundi mwenye meno safi atakufungulia kwa furaha, na huyo ndiye anayestahili fedha yako.